Mtabiri wa mvua ana kazi gani kwenye biashara ya umeme?

MamaDagaa_Kirumba
Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Mwanangu alimaliza shahada ya hali ya hewa mwaka jana. Sasa kampuni moja ya Ulaya inayonunua na kuuza umeme na gesi imemwita kwenye usaili wa mtandaoni. Mimi nauza dagaa mwaloni. Umeme naujua wa tokeni tu. Mtabiri wa mvua atafanya nini huko? Naogopa asije akatapeliwa.

MtotoWaNyegezi
Shikamoo mama. Ndiyo kazi yangu, mwaka wa nne sasa, niko Hamburg. Na wewe unaifanya. Ukiona wingu limejijenga ziwani alfajiri, unakusanya dagaa wakavu kabla wenzako hawajashtuka, kwa sababu walioko kwenye vichanja wakinyeshewa wataishia chakula cha kuku, na wakavu watapanda bei.

Huku umeme wa kesho unauzwa leo, kwa vipande vya robo saa. Mwenye mitambo ya upepo anaahidi kiasi, akipungukiwa analipia pengo. Na upepo hauna huruma: ukitoka mita 6 kwa sekunde kufika 7, nguvu iliyomo inapanda karibu asilimia 60. Mimi ndiye ninayegeuza upepo, jua na baridi kuwa megawati.

Kituo cha Ulaya cha utabiri huendesha modeli yake ya hali ya hewa kwenye kompyuta mara 51, kila mara mwanzo ukitofautiana kidogo. Majibu yakikaribiana, nawaambia wanunuzi wetu wanunue bila woga. Yakitawanyika, nawasihi wapunguze mzigo, hata wakininunia.

Mwambie kijana hili, mimi lilinichukua mwaka mzima kulielewa: kujua kwamba baridi inakuja hakutoshi. Utabiri wa jana kila mtu ameusoma, umo ndani ya bei tayari. Wanachotaka kwake ni kipi kimebadilika tangu jana, na yeye anakiamini kiasi gani.

Fundi_Turbaini
Wasiodhani ni jambo kubwa wakumbuke Texas, Februari 2021. Baridi ilizidi, mitambo na visima vya gesi vikaganda huku watu wakihitaji joto majumbani. Umeme ukafika dola 9,000 kwa megawati-saa, kikomo cha soko lao wakati huo.

Kwetu hakuna soko la namna hiyo, ila mvua ndiyo umeme. Mitambo ya umeme wa maji ya Rusumo, megawati 80 za Tanzania, Rwanda na Burundi, inategemea mto Kagera. Na Ziwa Victoria hujazwa zaidi na mvua inayolinyeshea lenyewe kuliko mito. Liliposhuka 2005 na 2006, Uganda, iliyotegemea maji yake kwa umeme, ilikaa gizani kwa mgawo. Vijana kama huyo tunawahitaji hapa pia, nasema kwa uchungu.

MamaDagaa_Kirumba
Mungu awabariki wanangu. Ajiandae vipi?

MtotoWaNyegezi
Wakidai hela yoyote ya usaili, aachane nao. Kama hawadai, kila jioni aandike utabiri wa Mwanza kwa namba, uwezekano wa mvua 3 kati ya 10 au 8 kati ya 10, asubuhi aandike kilichotokea. Wiki mbili. Aende na daftari hilo, pamoja na makosa yake yote. Nilipoajiriwa mimi waliuliza makosa kwanza.

MamaDagaa_Kirumba
Ameanza leo, kwenye daftari langu la mauzo. Kaandika 7. Nimeshapeleka maturubai kwenye vichanja.