Mahafali chuo cha Kikatoliki: Misa ni lazima hata kama wewe si Mkatoliki?

mhitimu_mtarajiwa:
Habari zenu wadau, naombeni msaada maana siku zimebana. Namaliza shahada ya kwanza mwaka huu kwenye chuo kikuu cha Kikatoliki, mimi mwenyewe ni Muislamu na miaka yote niliyokaa pale hakuna aliyenisumbua kuhusu dini, kwa hilo nawashukuru kwa dhati. Sasa ratiba imetoka, jioni kuna Misa ya shukrani halafu kesho yake asubuhi ndo kutunukiwa, na tangazo linasema "wahitimu wote mnatakiwa kuhudhuria". Baba kanipigia simu kaniuliza, mwanangu, na sisi tutaingia kanisani? Nikakosa la kumjibu. Mama yeye anasema nenda tu, watu wamekulea, kawashukuru.

La pili, chuo kimekua haraka mno. Nikiwa mwaka wa kwanza mahafali yalikuwa ya siku moja, jina linasomwa, unapanda jukwaani, unapewa mkono, unashuka mama yako anapiga vigelegele. Sa hivi vitivo vimeongezeka, wametugawa awamu tatu, kadi za wageni ni mbili tu kwa kila mhitimu, na nasikia majina hayasomwi tena, kitivo kizima kinasimama kinatunukiwa kwa mkupuo. Mimi nina baba, mama na dada yangu mkubwa ambaye ndo kanilipia ada miaka miwili ya mwisho. Namwacha nani nje? Na nisipoenda kabisa, shahada ninayo au sina?

mlezi_chaplensia:
Hongera sana mdogo wangu. Nimesaidia ofisi ya kapleni, yaani padri mlezi wa kiroho wa chuo, kwa miaka kadhaa na hili swali tunaulizwa kila msimu, kwa hiyo usijione umekosea kuuliza. Waraka unaoongoza vyuo vikuu vya Kikatoliki duniani ni Ex corde Ecclesiae wa Papa Yohane Paulo II, wa tarehe 15 Agosti 1990, na kwenye sehemu yake ya kanuni, ibara ya 2, umesema wazi kwamba mafundisho ya Kanisa yaguse shughuli zote za chuo lakini uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe kikamilifu. Kwa hiyo hilo neno "mnatakiwa" lichukulie kama mwaliko, na kama bado linakukera moyoni nenda kamuone kapleni mwenyewe, sio kwa meseji, nenda ukae naye dakika tano.

Mkiamua kuingia, hivi ndo inavyokuwa. Mnakaa popote, watu wakisimama mnasimama kwa heshima au mnabaki mmekaa, hakuna anayewahesabu. Kupiga magoti sio wajibu wenu. Ukifika muda wa komunyo, yaani kupokea mkate uliobarikiwa, watu wanapanga foleni, nyie bakini kwenye benchi, komunyo ni ya Wakatoliki na kubaki mmekaa hakumuudhi mtu yeyote, na Wakatoliki wenyewe wengine siku hiyo hawaendi. Kabla ya hapo kuna mahali watu wanageukiana kutakiana amani kwa kupeana mikono, mwambie baba mapema asije akashtuka mtu asiyemjua akimpa mkono. Mwishoni mara nyingi wahitimu wanaombwa wasimame wabarikiwe, hapo nimeona vijana wa kila dini wamesimama na nimeona waliobaki wamekaa, wote tukatoka nje tukapiga picha pamoja.

Na chuo cha Kikatoliki sio seminari ya kuandaa mapadri. Papa Leo XIV mwenyewe alipohitimu Villanova mwaka 1977, chuo kikuu cha Marekani cha shirika la watawa Waagustino, alichukua shahada ya hisabati.

zamani_msajili:
Nakujibu la shahada. Kinachokupa shahada ni matokeo yako kupitishwa na seneti, baraza la taaluma la chuo, halafu Mkuu wa Chuo au anayemwakilisha kutamka maneno ya kutunuku. Vyuo vingi vina utaratibu wa kutunukiwa bila kuwepo, unajaza fomu kabla, jina lako linaingia kwenye orodha ile ile na maneno yale yale yanakuhusu. Ila soma kanuni za chuo chako na usisubiri wiki ya mwisho, na madeni ya maktaba yamalize kwanza maana hapo ndo vyeti vya watu wengi hukwama.

Jambo moja nakuomba sana, kagua jina lako kwenye orodha ya awali, herufi kwa herufi, lifanane na cheti chako cha sekondari. Mimi nimewahi kukaa na binti analia mbele ya dirisha langu, cheti kimeshachapwa na herufi moja ya jina la baba yake haipo, na baba alikuwa ameshafariki.

Mlutheri_pale_nyuma:
Mimi nilienda Misa nikakaa benchi la mwisho na mama. Hakuelewa kila kitu ila kwaya ilipoanza alinishika mkono hakuuachia mpaka mwisho. Nenda.

mwalimu_wa_kitivo:
Kwenye suala la majina siwezi kunyamaza. Haya majoho tunayovaa yametoka kwenye vyuo vya zamani vya Ulaya, Bologna, Paris, enzi ambazo wanafunzi wengi walihesabiwa kama watu wa Kanisa na kuvaa kama makleri. Paris, ruhusa ya kufundisha ilikuwa inatolewa na chansela wa kanisa kuu, mtu mmoja anampa mtu mmoja, na mpaka leo kwenye vyuo vyetu vingi chansela, yaani Mkuu wa Chuo, ni askofu. Ukiwasimamisha watu mia nne ukawaambia kaeni, umefuata sheria lakini mzazi aliyekuja kusikia jina anaondoka hajalisikia. Sisi kitivo chetu kilipokua tulihamishia kusoma majina kwenye hafla ya kitivo mchana, kila mhitimu anaandika kwenye kikaratasi jina lake linavyotamkwa, anampa msomaji mkononi. Kwenye hafla hiyo hatuhitaji kadi. Muulize mkuu wa kitivo chako kama wana mpango kama huo, na kama hawana nendeni watano sita mkaombe, muda bado upo.

mhitimu_mtarajiwa:
Nimesoma yote, Mungu awabariki. Leo nimeenda kwa kapleni, kaniambia Misa haina kadi, familia nzima waje wakitaka. Nimempigia baba nikamweleza ile ya kupeana mikono, akasema hilo halina shida, amani tunatakiana kila siku, atakuja. Kadi mbili nimempa mama na dada, baba mwenyewe ndo kasema mpe dada yako, yeye atasubiri getini. Kesho tunaenda watu saba kwa mkuu wa kitivo kuhusu majina, nitarudi hapa kuwaambia.