Tupeane uzoefu: Kuwinda karibuu (mnyama mkubwa wa nchi za baridi, jamii ya kulungu) Alaska, Marekani, kwa nguvu zako mwenyewe, bila kulipa mwongozaji

MzeeWaFriza
Wakuu, habari za asubuhi. Leo nimefungua friza nikakuta kimebaki kipande kimoja cha paja la mwaka juzi, kimeandikwa kwa mwandiko wa mke wangu: KARIBUU, MCHUZI. Nimesimama pale mlango wazi mpaka friza ikaanza kulia. Agosti hii lazima nirudi kaskazini.

Wenye kazi ya kuongoza wawindaji wanatoza bei ya gari zima. Sisi tulikuwa watatu, tukatoka Anchorage na gari letu, tukalala kwenye hema letu, tukala ugali na maharage yetu, tukarudi na karibuu wawili. Gharama yote dola 1,140, zaidi ya nusu ni mafuta. Leseni ya mkazi ni dola 45, na ile karatasi ya kuripoti mnyama hupewa bure. Mwenye kipato cha chini kabisa anapata leseni kwa dola 5. Iombeni, hakuna aibu.

Nataka kusikia kwa waliokwenda. Barabara au ndege? Mlibeba nini, mlijutia nini? Semeni ukweli, maana safari hii nakwenda na mtoto wa shemeji yangu, ana miaka 17.

Kigoma_Kaskazini
Umenigusa hapo kwenye friza. Mimi nimebakiza ulimi tu, nimeuficha chini ya samaki wageni wasiuone.

MamaAsha_Fairbanks
Shikamoo mzee. Mimi nitasema ya barabara.

Barabara ya Dalton ilijengwa mwaka 1974 kwa ajili ya bomba la mafuta. Maili 414, nyingi ni changarawe, inaishia Deadhorse, kaskazini kabisa. Sasa wengi wanapakia bunduki wanaenda, hawajasoma. Ukishavuka mto Yukon kwenda kaskazini, maili 5 kila upande wa barabara huruhusiwi kuwinda kwa bunduki. Upinde ruksa, na uwe na cheti chake. Pikipiki ya magurudumu manne huwezi kutoka nayo pembeni. Mwenye bunduki anatembea.

Watu wakisikia maili 5 wanasema ni kilomita 8 tu, shule nilikuwa naenda mbali zaidi. Ardhi ile siyo njia ya shule. Ni vichuguu vya nyasi, kila kimoja kama kichwa cha mtu mwenye nywele ndefu, na kati yake maji. Ukikanyaga juu kinalala, ukikanyaga katikati unazama hadi kifundo. Kwenda peke yake tulitumia saa tano na nusu, mabegi matupu.

Mume wangu alipiga dume saa 11 jioni, jua bado juu. Nilipiga kigelegele, milima ikanirudishia. Halafu tukaanza kupasua, na nyama ikawa nyingi. Sheria inataka yote itoke: mapaja, mikono, shingo, kidari, mbavu, sarara, na pembe zisitangulie mbele ya nyama. Ikawa mizigo minne, watu wawili. Yaani kutoka, kurudi, kutoka tena. Kwenye mzigo wa pili nilikaa juu ya kichuguu nikalia. Mume wangu hakusema neno. Aliweka begi chini, akanifungua kamba za buti, akanivua soksi akazikamua, akanivalisha zake kavu.

Kabla hujavuta kifyatuo hesabu mizigo. Sisi tulihesabu baadaye.

Kigoma_Kaskazini
Dada, hizo nywele za vichuguu nimezicheka halafu goti likaniuma. Kweli kabisa.

Kijana_Minnesota
Wakubwa zangu, mimi nina kadi ya kijani (kibali cha kuishi Marekani daima), nahamia Anchorage mwezi wa 6. Agosti naweza kuchukua hiyo ya dola 45?

Pwani_Damu
Chukua. Sema una mwaka. Nani atakuuliza?

Kigoma_Kaskazini
Pwani_Damu, usimwingize mtoto wa watu shimoni. Mkazi ni aliyekaa Alaska miezi 12 mfululizo, tena kwa nia ya kubaki. Kudanganya kwenye leseni ni kosa, na huyu bado hajapata uraia. Siku ya maombi ya uraia atasimama mbele ya ofisa na kosa la karibuu mkononi? Mimi nimekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka 14 kusubiri kuja huku. Siwezi kuitupa miaka hiyo kwa ajili ya nyama.

Pwani_Damu
Nilikuwa namrahisishia tu.

Kigoma_Kaskazini
Umemrahisishia kurudishwa.

MzeeWaFriza
Kijana, kwa mwaka huu wewe ni mgeni: leseni dola 160 na kibali cha karibuu 650. Kwa kuwa una kadi ya kijani na unaishi Marekani, kwa karibuu hulazimiki kuwa na mwongozaji. Lakini ukimleta kaka yako kutoka Dar kwa viza ya matembezi, yeye kila mnyama mkubwa atahitaji mwongozaji mwenye leseni. Dubu wa kahawia, kondoo-mwitu wa Dall na mbuzi wa milimani hata Mmarekani wa jimbo lingine anahitaji, au awe na ndugu wa karibu ambaye ni mkazi.

Ushauri wangu subiri mwaka. Tumia muda huo kupata cheti cha mafunzo ya uwindaji. Aliyezaliwa baada ya mwanzo wa 1986 maeneo mengine haruhusiwi kuwinda bila hicho.

Ukhti_Z
Samahani kwa kuingilia. Nyama ya risasi mnakula vipi nyie Waislamu? Haijachinjwa.

MamaAsha_Fairbanks
Dada, mwindaji anasoma bismillahi kabla ya kuvuta. Akimkuta bado hai anamchinja palepale kwa kisu. Akimkuta ameshakufa kwa risasi, hukumu ni ya mawindo.

Ukhti_Z
Mawindo ni mshale na mbwa aliyefunzwa. Risasi inavunja kwa kishindo, haikati.

Bwana_Songea
Risasi inatoboa na damu inatoka. Shekhe wetu amelisema hili msikitini kabla ya kila msimu. Kinachoharamishwa ni kilichopigwa kwa uzito, kama jiwe au rungu.

Ukhti_Z
Shekhe wenu na shekhe wangu wakae wazungumze basi. Mimi siwezi kula kwa shaka.

MamaAsha_Fairbanks
Hilo ni haki yako, dada. Ukija kwangu nitakupikia samaki.

Bwana_Songea
Nikiwa hapa, niseme langu. Sikutaka kuandika, ila mzee kasema kuna mtoto wa miaka 17.

Ilikuwa Septemba 2021. Mimi na mwenzangu wa kazini, Mkongo wa Uvira, mtu mpole sana, tulimlipa rubani atushushe kwenye mto mmoja unaotoka milima ya Brooks kushuka upande wa kaskazini. Dola 3,200 kila mtu, na kubeba nyama ikiwemo. Ndege ndogo, mzigo usizidi ratili 50, tulipimwa mpaka buti. Akatushusha kwenye kisiwa cha kokoto kati ya mikono miwili ya mto, kwa sababu hapo ndipo ndege inaweza kutua. Siku uliyoruka huruhusiwi kuwinda mpaka saa 9 usiku wa kuamkia kesho yake, kwa hiyo hatukuwa na haraka. Tukapiga hema palepale. Kokoto safi, kavu, hakuna mbu. Nikasema Mungu katupenda.

Hapo ndipo kosa lilipoanza. Panapoifaa ndege siyo panapofaa kulala.

Siku ya tatu tukapata dume, ya nne tukapata la pili. Nyama tuliivusha ng'ambo tukaipanga juu ya ukingo kwenye mifuko ya kitambaa, mbali na hema kwa ajili ya dubu. Ndege irudi Alhamisi. Jumatano mchana ukungu ukashuka, ng'ambo ya mto haionekani. Mvua ya kule haipigi bati ikaondoka kama ya Songea. Inakaa.

Saa 8 usiku nikasikia kama mtu anapepeta mchele kwenye ungo. Nikadhani mvua imegeuka theluji. Kumbe ni kokoto zinavutwa na maji. Nikatoa mkono kwenye mfuko wa kulalia, nikagusa mto.

Mwenzangu alikuwa amelala upande wa bondeni. Mfuko wake ni wa manyoya ya bata, ulikunywa maji yote ukawa kama gunia la tope. Tulitoka na soksi. Ule mkono wa mto tuliouvuka mchana kwa buti ulikuwa mapajani. Tukavuka tumeshikana mabega, hema tunaliburuta nyuma kama juya.

Kule hakuna miti. Vichaka vya kufika kiunoni, vibichi, vinalia maji. Gesi ya jiko ilikuwa inaishia. Mwenzangu alitetemeka karibu saa nzima, meno yanagongana. Halafu akaacha. Mimi nikafurahi, nikadhani anapata joto. Akaanza kumwita dada yake aje afunge mbuzi. Akafungua zipu ya koti, ananiambia, "Kaka, hapa joto." Nikakumbuka darasa la cheti: akiacha kutetemeka na akavua nguo, anakufa.

Nilimvua kila kilicholowa. Mfuko wangu ni wa nyuzi za kiwandani, ulikuwa umelowa miguuni tu, nikamwingiza humo, nikavua na mimi nikaingia. Zipu haikufunga. Turubai juu yetu. Gesi iliyobaki nikachemshia maji ya chupa mbili, moja kwapani, moja kwenye kinena. Sikumsugua. Alipoanza kumeza vizuri nikampa maji ya sukari, kifuniko kwa kifuniko. Nilikuwa namuuliza jina la mama yake kila baada ya muda. Mara ya kwanza alikosea. Alfajiri akaanza kutetemeka tena, nikalia kwa sauti.

Nilimtumia rubani ujumbe kwa kifaa chetu cha setilaiti. Akajibu: ukungu huku pia, kaeni hapo hapo. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Tulikula karibuu mbichi aliyekaushwa na upepo. Ndege ilikuja Jumatatu saa 10 jioni.

MzeeWaFriza
Nimeacha chai imepoa. Poleni sana, ndugu yangu.

Pwani_Damu
Kifaa kilikuwepo, kitufe cha dharura kipo, hukubonyeza? Kwa nini?

Bwana_Songea
Nilifikiria bili. Nilikuwa na wiki tatu tangu nimtumie mama pesa za hospitali. Nilikosea, na namwambia hivyo yeyote anayeniuliza.

Pwani_Damu
Bili inalipwa kidogo kidogo. Mtu halipwi.

MamaAsha_Fairbanks
Safari hii umesema vizuri, Pwani_Damu.

Kijana_Minnesota
Na dubu je? Mimi nilidhani kisa kitakuwa cha dubu.

Bwana_Songea
Dubu nilimwona mara moja, kwa darubini, anachimba mizizi upande wa pili wa bonde. Hakuinua hata kichwa.

Dereva_wa_Lori
Mimi napita Dalton kikazi. Matairi mawili ya akiba, siyo moja. Kituo cha Coldfoot jaza mafuta hadi mdomoni, maana kuanzia hapo mpaka Deadhorse ni maili 240 bila kituo. Ukiona lori linakuja punguza mwendo, sogea pembeni, kioo chako kitakushukuru. Na msisimame katikati ya barabara kuangalia karibuu! Gari la kukodi soma mkataba kwanza, mengi hayaruhusiwi kupita kule.

Kigoma_Kaskazini
Mawili mengi. Moja zuri na kiraka latosha.

Dereva_wa_Lori
Nimekuvuta wewe au siyo wewe, mwaka ule karibu na Atigun?

Kigoma_Kaskazini
Basi mawili.

Babu_Mbeya
Manyoya ya bata mazuri, mepesi. Tia kwenye mfuko wa plastiki tu.

MamaAsha_Fairbanks
Babu, umesoma kisa cha hapo juu?

Babu_Mbeya
Nimesoma. Asingelala mtoni.

Ukhti_Z
Pilipili ya kupuliza dubu hairuhusiwi kwenye ndege za abiria, hata kwenye begi la kupakia. Gesi ya jiko pia. Mdogo wangu alinyang'anywa vyote uwanjani. Anayeruka mpaka Fairbanks anunue hukohuko.

Kijana_Minnesota
Kwa hiyo hamtaki kula ila mnajua vifaa.

Ukhti_Z
Mdogo wangu anakula, mimi sili. Uliza vizuri.

MzeeWaFriza
Tusitoane roho. Bwana_Songea, nina maswali mawili. Nyama ilifika? Na mwenzako yukoje?

Bwana_Songea
Ilifika yote, baridi iliitunza. Mifuko ya kitambaa inapumua, ingekuwa plastiki ingevunda siku ya pili. Mbavu tuligawa kanisani kwao.

Yeye yupo. Vidole viwili vya mguu wa kushoto havijarudi kuhisi vizuri. Mwaka huu anataka twende kwa barabara, tulale karibu na gari.

MzeeWaFriza
Basi tuungane. Nina nafasi mbili, na turubai kubwa. Sina mfuko wa pili wa nyuzi wa kumtosha kijana mrefu.

MamaAsha_Fairbanks
Ninao mmoja, wa mume wangu, urefu futi sita na nusu. Una kitobo cha moto karibu na kofia, nimekishona. Nitumie ujumbe, mzee.