Wakuu, dokumentari yangu ya historia ya katuni za Tanzania imenikwamia

Mchora_Usiku: Habarini wakuu. Mwaka wa pili huu nahangaika na dokumentari ya historia ya katuni zetu. Nianzie Ubongo Kids 2014 au nirudi nyuma? Silali jamani.

BiKidawa: Anza na marehemu Edward Saidi Tingatinga. Kafariki 1972, halafu 2010 mtindo wake wa kuchora ukazaa katuni ya TV ya Tinga Tinga Tales, na ikachorwa Nairobi! Sisi tulikuwa wapi?

FundiRedio: Sie Zanzibar tulishakuwa na televisheni ya rangi miaka ya 1970, bara mkangoja mpaka 1994. Marehemu baba alikuwa anatoa seti barazani, majirani wanakuja na mikeka yao. Siku moja ikaungua katikati ya taarifa ya habari, basi...

Kichwa_Ngumu: Mtoa mada, swali hilo halimnyimi mtu usingizi. Unaficha kitu.

Mchora_Usiku: Sawa. Kuna mzee anasema alichora katuni ya kwanza nchini, 1968, dakika kumi. Mkanda hana, karatasi hana. Ila nimeshampa nusu saa kwenye filamu, na bango limeshachapwa: "Wa Kwanza".

Kichwa_Ngumu: Dakika kumi kwa picha 24 kila sekunde ni picha 14,400. Hata kila mchoro ukipigwa picha mara mbili, bado michoro 7,200. Yote imeliwa na mchwa?

Msomaji: Isidharauliwe moja kwa moja. Moustapha Alassane wa Niger alitoa katuni yake ya vyura 1966. Tofauti ni kwamba ya kwake ipo, inaonekana.

Kichwa_Ngumu: Mzee ni nani yako?

Mchora_Usiku: Baba wa mchumba wangu. Posa imepokelewa mwezi jana. Na historia yetu si nyingi ni ya mdomo? Kumbukumbu ya mzee nayo ni ushahidi.

BiKidawa: Mwanangu, mkwe haumbuliwi hadharani. Andika "anavyosimulia mwenyewe", bango lifiche. Mahari umemaliza?

Zuzu_wa_Mjini: Chai hii! Machi uliomba ushauri humu humu, mkeo kadai talaka, watoto wawili.

Mchora_Usiku: Ile ilikuwa ya rafiki yangu.

FundiRedio: Mie sukari vijiko viwili. Ila hilo bango tuwekee picha tulione.

Mchora_Usiku: Siwezi. Jina la mzee limekosewa.