Tupeane uzoefu: ukungu unaoota ndani ya AC na vifua vyetu

#1 (mwanzisha uzi, Dar)
Wakuu, habari za jioni. Waliokutwa na hili naomba waseme yaliyowapata, maana mimi nilipoteza karibu miezi minne nikimtibia mtoto kitu kilichokuwa kinampulizia juu ya kitanda chake mwenyewe.

Tunaishi Mbezi Beach. Mwanangu wa miaka sita alianza wakati wa masika: akiamka ni chafya mfululizo na macho mekundu, usiku kikohozi kikavu mpaka anatapika. Tukapewa antibayotiki mara tatu. Kilichonishtua ni likizo ya kwenda kwa bibi yake Lushoto. Siku kumi kifua kimya kabisa. Tumerudi, usiku wa pili kikaanza upya.

Na AC nilikuwa naifanyia servisi! Yaani fundi anachomoa filta, anaziosha, anaangalia gesi, anaondoka. Safari hii nikamwita mwingine nikamwomba afungue kila kitu. Ile feni ndefu ya ndani ilikuwa na utando mweusi kila pezi, na trei ya maji imejaa ute kama kamasi, kwa sababu bomba la kutolea maji lilifungwa bila mteremko. Akanielewesha vizuri: koili (yale mabomba ya ndani yanayopoza hewa) ikipoa, unyevu wa hewa yetu ya pwani unageuka maji juu yake, kama glasi ya maji baridi inavyotoka jasho. Maji hayo yakikutana na vumbi gizani, ukungu unaota. Sasa filta iko kabla ya koili, feni iko baada yake. Unaweza kuosha filta kila wiki na bado ukalala unapuliziwa ukungu.

Tuliosha koili, feni na trei, bomba likainamishwa. Mtoto aleji anayo bado, na dawa ya kuvuta anayo, ila analala hadi asubuhi.

#2 (Mombasa)
Pole sana ndugu yangu. Mamangu ana pumu. Tuliambiwa AC kubwa ndiyo nzuri, tukamwekea ya BTU 18,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) kwa chumba kidogo. Ikawa yapoza dakika chache, yazima, hewa haijapata kukauka. Baridi ipo lakini shuka ni mbichi, na nyuma ya kabati ukuta umeota madoa meusi. Tulipoweka ya 9,000 chumba kilikauka.

#3 (Muscat)
Sie tulifunga nyumba kiangazi, AC zote tukazima, tukenda Unguja wiki sita. Kurudi, mabuibui na viatu vya ngozi vimeota ukungu. Mume wangu akawasha AC zote madirisha yamefungwa, na hapo ndipo tulipokosea. Usiku huohuo nilibanwa kifua nikapelekwa hospitali. Siku hizi tukisafiri tunaacha moja kwenye alama ya tone la maji, ile ya kukausha hewa.

#4
Msipulizie jiki kwenye koili. Mimi nilifanya hivyo: macho yaliwaka siku nzima, na zile bati nyembamba za alumini zikaanza kulika.

#5 (Dodoma)
Naomba niseme upande wa pili. Nililaumu AC miezi miwili. Nikaosha, nikabadilisha filta, kikohozi palepale, jasho usiku, nguo zinanipwaya. Ilikuwa TB. Kikohozi kikifika wiki mbili kapimeni makohozi kwanza, AC mtaifungua baadaye.

#6 (mwanzisha uzi)
Pole sana, na asante kwa kulisema hilo. Sisi tungeweza kukosea kwa namna hiyohiyo.

Kuna kitu fundi alinifundisha nimekishika: kabla ya kuzima, naiacha kwenye feni tupu kama nusu saa ili koili ikauke. Ile harufu ya soksi mbichi haijarudi.

Mliopanga, mwenye nyumba akigoma kulipia usafi wa ndani mlifanyaje? Mdogo wangu yuko Kinondoni, ana mtoto mchanga na AC inadondosha maji ukutani.