Dondola wa Visiwani: Kundi la Ukoo, Mafinga

Baba Mdogo Gaspa: *Imesambazwa mara nyingi*
TAHADHARI!!! Dondola wauaji kutoka China wameingia visiwani huko Ulaya, wanamaliza nyuki wote. Sasa wanakuja Afrika. Choma kila kiota utakachokiona. Tuma kwa watu 20.

Baba Mdogo Gaspa: Kamwene wote. Mmeiona hiyo? Na mizinga yangu ndiyo inaanza kujaa.

Shangazi Tulia: Kamwene kaka. Mungu atunusuru 🙏

Baba Mdogo Gaspa: Darini kwangu wapo wale wekundu wa kiuno chembamba. Leo jioni wanakunywa petroli.

Tumaini: Shikamoo Baba Mdogo, shikamooni wakubwa wote. Petroli isubiri kwanza. Dari la mbao na petroli, dondola watahama, nyumba ndiyo itabaki majivu.

Baba Mdogo Gaspa: Marahaba mwanangu. Si ndiyo mambo unayosomea huko SUA, chuo chenu cha kilimo? Haya, tuambie.

Tumaini: Habari yenyewe ina ukweli ndani yake, ila imetiwa chumvi. Huyo dondola yupo kweli, kwao ni Asia. Ufaransa walimgundua mwaka 2004, inaaminika alijificha kwenye shehena ya vyombo vya udongo kutoka China. Mwaka 2016 akaonekana Jersey, kisiwa kidogo karibu na Ufaransa. Kazi yake ni kuelea mbele ya mlango wa mzinga, anadaka nyuki anayerudi, anamkata kichwa na mabawa, anabeba kifua kwenda kulisha watoto. Nyuki nao wakiogopa kutoka, mzinga unakosa chakula. Waliochunguza vinasaba vya wale wa Ufaransa wanaona inaelekea wote walitokana na malkia mmoja aliyekuja ameshapandwa.

Eliya: Malkia mmoja tu? Kama bibi yetu alivyoijaza Mufindi 😂😂

Shangazi Tulia: Eliya, adabu.

Baba Mdogo Gaspa: Sasa hao wa visiwani wanafanyaje?

Tumaini: Jersey wananchi wenyewe wanajitolea. Wanaweka chambo, wakimpata mmoja wanampaka rangi, wanamwachia, wanatazama ameelekea wapi na amekaa muda gani kabla ya kurudi. Hivyo hivyo mpaka wanafika kwenye kiota, mara nyingi juu kabisa mtini. Mallorca, kisiwa cha Hispania, walikuta kiota mwaka 2015, vikafuata vingine, wakaving'oa mpaka wakammaliza. Kisiwa kikiwahi, inawezekana. New Zealand hawakuwahi: nyigu wa Ulaya waliingia mwaka 1945 ndani ya makasha ya vipuri vya ndege, na mpaka leo wamejaa misituni.

Tumaini: Wako wa darini ni wenyeji Baba Mdogo. Wanakula viwavi wa mahindi yako. Kama hawako mlangoni, waache.

Baba Mdogo Gaspa: Mmoja alishanidunga sikio.

Eliya: Alisikia habari ya petroli 😂

Mama Mkubwa Anna: *Picha*
Tumaini mwanangu, hebu angalia hii. Ile miche ya mikaratusi niliyoletewa ina vinundu. Kijana anasema ni baridi tu. Na kesho analeta mingine.

Tumaini: Shikamoo Mama Mkubwa. Naomba picha ya jani kwa karibu, upande wa mshipa wa katikati.

Mama Mkubwa Anna: *Picha*

Tumaini: Hiyo si baridi. Sasa huyu ndiye wa kuogopa, na naye ni nyigu! Ana urefu wa milimita moja na kidogo, hamdungi mtu, kwa hiyo hakuna anayemsambazia ujumbe. Kwao ni Australia. Kenya na Uganda alionekana mwaka 2002, baadaye akaingia na kwetu. Anataga kwenye mshipa na kikonyo cha jani changa, panavimba, mche unajikunja na kudumaa. Tena dume hahitaji, majike wanazaa majike wenzao.

Shangazi Tulia: Makubwa!

Mama Mkubwa Anna: Dawa gani nipulize?

Tumaini: Mtoto yuko ndani ya nundu, dawa haimfikii vizuri. Afrika Kusini walimletea adui yake kutoka Australia mwaka 2012, nyigu mwingine mdogo anayemla humo humo. Mnakumbuka mihogo ilivyookolewa dhidi ya vidung'ata, wale wadudu weupe wanaoifyonza, miaka ya 1980? Aliyeiokoa naye alikuwa nyigu, alitolewa Paraguay. Ila kwa miche yako, ing'oe yenye vinundu uichome, usimgawie mtu. Miti mikubwa huwa inavumilia, miche ndiyo inaumia. Na aina hazishikwi sawa, kawaulize TAFORI, wale watafiti wa misitu, ipi inafaa huko kwako.

Baba Mdogo Gaspa: Mimi nilichukua kwa kijana huyo huyo. Naenda shambani na tochi.

Mama Mkubwa Anna: Nimempigia sasa hivi, kesho asipakie kitu. Anadai nusu ya hela imeshaliwa na mafuta ya gari. Gaspa, ukitoka shambani pitia kwangu tukamwone pamoja.