Fundi anataka kufunga mashine ya nje ya AC kwenye uchochoro wa sentimita 60 na anasema vakumu siyo lazima, naombeni ushauri

Binti Mjimwema:
Habari zenu wakuu, na wakubwa shikamooni. Naomba ushauri wa haraka maana fundi anarudi jumamosi asubuhi na roho yangu haijatulia kabisa.

Iko hivi, tunakaa Kigamboni, Mjimwema huku, bahari siyo mbali, upepo ukivuma mpaka vioo vya madirisha vinashika chumvi. Mama yangu alipata kiharusi mwaka jana nikamleta akae kwangu, na chumba chake ndo kile kinachopigwa na jua la jioni lote. Kaskazi hii ya Januari na Februari halali, hawezi kujigeuza mwenyewe, mgongo umeshaanza vipele na feni inazungusha joto lile lile tu. Nikajibana nikanunua AC ya BTU 12,000, inveta, gesi ya R32. Chumba ni mita 4 kwa 3 na nusu.

Sasa fundi kaja kuangalia, anataka mashine ya nje aiweke nyuma ya chumba kwa sababu bomba litakuwa fupi, ila nyuma pale ni uchochoro kati ya nyumba na fensi ya jirani, nimepima na tepu ni sentimita 60, na fensi yenyewe imepanda kama mita 2. Nikamuuliza mbona pamebana, akasema haina shida joto litapanda juu lenyewe. Nikamuuliza kuhusu vakumu, yaani pampu ya kuvuta hewa yote kwenye mabomba kabla ya gesi kufunguliwa, akasema anafungua gesi kidogo inapuliza hewa yote nje halafu anakaza, wote wanafanya hivyo. Bei yake 100,000.

Fundi wa pili kasema mbele barazani, bomba mita 9, na bomba lenyewe, waya, pampu na kila kitu 380,000. Hela niliyobakiwa nayo haifiki hapo kwakweli. Nifanyeje wakuu? Huo uchochoro una madhara gani hasa, au fundi wa pili ananipiga?

Spana 13:
Dada pole kwa mama. Mi nafunga AC huu mwaka wa 11, hapo kwenye uchochoro usikubali.

Ile mashine ya nje kazi yake ni moja tu, kutupa joto lililotolewa chumbani. Inavuta hewa kwa nyuma na ubavuni, inapitisha kwenye yale mapezi, feni inaisukuma mbele. Piga hesabu mwenyewe, mashine ya BTU 12,000 ina unene wa kama sentimita 30, nyuma iachie 15 ivute hewa, kwenye hiyo 60 yako mbele zinabaki 15. Feni inapiga ukuta wa jirani, hewa ya moto inagonga inarudi, mashine inaivuta tena ile ile. Nje kuna joto la 33 lakini mashine inavuta hewa ya 45 na kuendelea. Presha inapanda, kompresa inachemka, inajizima, ikipoa inawaka, na luku inakimbia huku chumba hakipoi. Mbele ya feni panatakiwa pawe wazi, mita moja na nusu au mbili ni nzuri, ndo maana hata kitabu chake kimechora umbali wa kila upande. Kitabu hicho kipo ndani ya boksi, mtolee fundi asome.

Vakumu narudi jioni nikuandikie vizuri, nipo saiti.

Pole Pole 77:
Igeuzeni tu, feni ielekee kwenye urefu wa uchochoro badala ya kuangalia fensi. Hewa itatembea mpaka mwisho wa nyumba.

Spana 13:
Wazo zuri ila haitaingia mkuu, mashine ya size hiyo ina upana wa sentimita 75 mpaka 80, uchochoro ni 60.

Mzee wa Lenta:
Mwanangu marahaba. Mimi ni fundi ujenzi, AC siijui lakini ukuta naujua. Kwanini hamuipandishi? Fensi ni mita 2, nyumba ina lenta juu ya madirisha, mabano ya chuma yafungwe pale kwenye lenta, mashine ikae juu ya kichwa cha fensi. Feni itapulizia juu ya ukuta wa jirani siyo kwenye ukuta. Na bomba linabaki fupi.

Ila asikufungie kwa fisha za plastiki kwenye tofali. Tofali zetu nyingi mchanga umezidi, ukitoboa unamwagika unga, na mashine ya kilo 25 au 30 inayotetemeka usiku na mchana inazitoa fisha zenyewe taratibu mpaka siku inaanguka. Bolti za kupanuka zishike kwenye zege la lenta, au bolti ndefu zipite mpaka ndani na kibati cha kuzuia upande wa pili. Chini ya miguu ya mashine raba nne, bila raba mtetemo utahamia ukutani na mama atausikia kitandani.

Spana 13:
Mzee shikamoo, umemaliza. Hiyo ndo sehemu yake. Kwa tofauti hiyo ndogo ya kimo kati ya mashine ya ndani na ya nje hata mtego wa oili, ile kona ya bomba ya kushika oili, hauhitajiki.

Binti Mjimwema:
Asanteni sana jamani, mzee wangu shikamoo. Hilo la kupandisha sikuwa nimeliwaza na fundi hakulitaja kabisa. Wasiwasi wangu jirani, dirisha lake la chumbani linaangalia kwetu, hewa ya moto si itamwingilia?

Dada wa Kunduchi:
Nenda kaongee nae kabla ya drili kuwashwa, mwonyeshe kwa mkono itakapokaa. Sisi tulifunga kimya kimya kilichofuata ni mjumbe kuja, tukahamisha mashine kwa gharama zetu wenyewe, na kila ukihamisha unafungua mabomba upya na unaanza upya. Sogezeni isimwelekee dirishani, hata mita 2 pembeni inasaidia. Faida nyingine ya kuipandisha ni wezi. Yetu ya kwanza ilikuwa chini, walikata mabomba saa 9 usiku wakaondoka nayo. Ukitaka kuiwekea grili weka nondo zenye nafasi, usije ukaifunika na bati, itakuwa umerudi kule kule kwenye uchochoro.

Kiboko ya Joto:
Mi naona mnamtisha dada wa watu bure. Kwangu Temeke AC mbili zilifungwa kwa kupuliza gesi, hakuna cha vakumu wala nini, mwaka wa 8 huu zinapiga mzigo. Fundi wa laki moja hana kosa.

Spana 13:
Nimerudi. Kiboko nakuamini kabisa, ila angalia kibandiko cha mashine zako, nadhani utakuta R22, gesi ya zamani. Zile zilikuwa na oili ya madini, ilivumilia unyevu kiasi. R32 na R410A zinatumia oili nyingine inayonyonya unyevu vibaya sana, na huku pwani hewa yetu imejaa maji muda wote. Ukipuliza gesi hewa kubwa inatoka lakini unyevu ulioshika kwenye kuta za bomba unabaki. Ukichanganyika na oili na joto inazaliwa asidi, asidi inakula vanishi ya waya za kompresa polepole. Haifi leo, inafia mwaka wa pili wa tatu na gadanti imeisha, halafu fundi anakwambia mashine ni feki.

La pili, gesi yote mle ndani ni kidogo, 12,000 nyingi ni gramu 500 mpaka 700 hivi, ipo kwenye kibandiko. Ukipuliza sekunde kadhaa umeshapunguza na hujui umepunguza kiasi gani. Na R32 inaweza kushika moto, siyo ya kuimwaga karibu na mtu anayekata chuma.

Dada jumamosi angalia haya. Fundi akimaliza kukaza nati, aunge geji na pampu, ivute dakika 20 mpaka nusu saa, mshale ushuke mpaka karibu na 30 upande wa chini ya sifuri. Azime pampu, afunge geji, msubiri dakika 15 mnautazama. Ukipanda, kuna sehemu inavuja au unyevu bado upo, asifungue gesi. Ukitulia ndo afungue vali kwa alenki, bomba dogo kwanza halafu kubwa, kisha povu la sabuni kwenye kila nati. Na kuna kitu kidogo kitakuonyesha kama anaijua R32, mdomo wa kuunga geji kwenye mashine hizi ni mkubwa kuliko wa R22, kwahiyo lazima awe na adapta au mpira wake. Akifika hana, huyo amezoea mashine za zamani.

Kuhusu yule wa 380,000 hakuibii, shaba ni ghali na mita 9 ni nyingi. Halafu gesi ya kiwandani mara nyingi inatosha bomba la mita 5, nyingine mpaka 7 na nusu, ukizidisha unaongeza kama gramu 20 kwa kila mita tena kwa mizani. Lakini na bomba la chini ya mita 3 usikubali, kelele za gesi zitaingia chumbani, kama umbali ni mfupi azungushe liwe 3.

Kiboko ya Joto:
Nimepanda kuangalia, ni R22 kweli zote mbili. Hapo nimeelewa mkuu, dada usiniskilize mimi.

Mpemba wa Maskat:
Assalaam aleykum ndugu zangu. Huku Maskat miezi ya Juni joto linaweza kupita 45, sote tunaishi kwa AC. Nataka kumwambia dada alotoa mada aangalie kwenye kibandiko, mashine nyingi uwezo wake umepimwa kwa joto la nje la 35, za nchi zetu za huku zinapimwa kwa 46 na huandikwa T3. Kama yake ni T1, hizo BTU 12,000 ni kwa 35, kila joto linalozunguka mashine likipanda uwezo unashuka. Kwa hivyo kule kwenye kichochoro angelipia elfu kumi na mbili akapata pungufu. Na kwa kuwa ni baharini, aikoshe ile mashine ya nje kwa maji ya kawaida yasiyo ya chumvi kila mwezi, umeme umezimwa, maji ya taratibu yasipinde mapezi. Chumvi ndo adui mkubwa wa mashine za pwani, hata yenye mapezi ya buluu yalopakwa rangi ya kuzuia kutu.

Mtu wa Waya:
Umeme hamjaugusa jamani. Usichomeke kwenye soketi ya ukutani na usiunge kwenye laini ya soketi. Laini yake toka kwenye boksi la breka, waya wa 2.5, breka ya 20, na ethi ya kweli siyo waya wa kijani unaoning'inia. Weka na AC gadi, Kigamboni jioni umeme unacheza sana, gadi inakata ukishuka au ukipanda na inasubiri dakika chache kabla ya kurudisha. Luku ikiwa uko tarifu ile ya chini ya uniti 75 kwa mwezi jua utatoka, utaanza kulipa 350 na kitu kwa uniti. Inveta chumba kikishapoa inakula kidogo, iache kwenye 25 au 26, usimwekee mgonjwa 18.

Binti Mjimwema:
Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani nimechelewa siku 4.

Jirani nilienda ijumaa jioni, tumesogeza mita 2 na kidogo kutoka dirisha lake, hana neno, kaja hadi kumwona mama. Fundi wa kwanza nilimpigia nikamwambia ninavyotaka akakataa, akasema nitafute mwingine, sawa. Nikamrudia wa pili nikamweleza habari ya lenta na bomba fupi, bei ikashuka mpaka 210,000 na pampu humo humo. Adapta alikuwa nayo. Kavuta dakika 30, tukakaa kwenye ngazi wote wawili tunatazama mshale, haukusogea. Povu kapaka, hakuna kitu. Bomba mita 4, bolti zote kwenye zege, raba zipo. Gadi nimenunua, laini yake peke yake.

Tumewasha saa 10 jioni jua likiwa ukutani, chumba kilikuwa 34, baada ya dakika 40 kilikuwa 26. Mama usiku ule alilala saa 7 mfululizo, sijamsikia akiniita. Nilimwamsha mimi kumgeuza. Nawashukuru mno, mno. Picha nimeweka hapo chini.

Spana 13:
Safi sana dada, na mungu ampe nafuu mama. Picha ya tatu, pale bomba linapoingia ukutani linatoka juu kwenye mashine linashuka moja kwa moja kwenye tundu. Masika yakianza maji yatafuata bomba na waya mpaka chumbani. Mwambie alishushe kidogo chini ya tundu lipande ndo liingie, maji yadondokee pale kwenye kona, na tundu azibe. Na hilo tundu la ndani lielekee nje kwa kushuka.

Binti Mjimwema:
Nimempigia, anakuja kesho saa 3 na silikoni.