Kwa nini modeli yangu haipunguzi sangara ninapowavua?

Mwanafunzi, Kampala:
Ndugu wajuzi wa hisabati, naandika tasnifu kuhusu sangara na mukene (dagaa) anayeliwa naye katika Ziwa Victoria, kwa kutumia milinganyo ya Lotka na Volterra, ielezayo jinsi idadi ya mbuai (mnyama mla wenzake) na ya mawindo yake zinavyobadilishana. Mukene, x, hubadilika kwa kasi ya x(a − by), na sangara, y, kwa kasi ya y(dx − c − h), ambapo a ni kasi ya kuzaana kwa mukene, b ni kasi ya kuliwa kwao, c ni kasi ya kufa kwa sangara, d ni ongezeko la sangara litokanalo na kula mukene, na h ni nguvu ya uvuvi unaomlenga sangara peke yake. Nimeweka a = 1, b = 0.1, c = 0.5 na d = 0.01. Pasipo uvuvi, msawazo, yaani hali ambayo idadi hazibadiliki tena, ni mukene 50 na sangara 10. Nikiweka h = 0.2, mukene hufika 70, lakini sangara hubaki 10 vilevile. Je, nimekosea mahali, au modeli ndiyo isemayo hivyo?

Mwalimu wa hisabati, Jinja:
Hesabu yako ni sahihi. Msawazo wa sangara ni a/b, na herufi hizo zote mbili zimo katika mlinganyo wa mukene, kwa hiyo uvuvi wa sangara humnufaisha mukene tu. Volterra mwenyewe, mwaka 1926, alipoeleza kwa nini sehemu ya samaki mbuai ilikuwa kubwa katika masoko ya samaki ya Bahari ya Adriatiki uvuvi ulipopungua wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alichukulia kwamba nyavu hunasa mbuai na mawindo pia. Thamani ya a ikipunguzwa na uvuvi wa mukene, sangara hupungua nao.

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba mukene wako hawana kikomo cha kuzaana. Andika x(a(1 − x/K) − by), ambapo K, idadi ya juu ya mukene ambayo ziwa laweza kulisha, ni 100. Sangara watakuwa 5 pasipo uvuvi na 3 kwa h ya 0.2, na h ikifika 0.5 watatoweka.

Afisa uvuvi, Kalangala:
Naongeza kwamba kwa h hiyo, mavuno hupungua yenyewe kadiri samaki wanavyopungua. Ukiweka badala yake kiasi kisichobadilika, H, kitolewacho kila mwaka, kwa vigezo hivi H ikizidi 0.625 hakuna msawazo wowote, na sangara huporomoka hata kama mwanzoni walikuwa wengi. Kumbuka pia kwamba sangara hula uduvi, na hata watoto wa sangara wenzao, jambo ambalo milinganyo miwili haiwezi kulibeba. Ningeanza kwa kuwagawa sangara wachanga na wakubwa.